Tezi ya Kondoo

Jumatatu, 10 Oktoba 1955
Asubuhi joto tangu saa moja. Hakuna wingu. Moshi wa kiwanda umelala juu ya mtaa wetu wa Katuba kama blanketi chafu. Mimi nimevaa sweta. Watoto wa darasa la nne wamenitazama wakacheka.

Mapigo ya moyo kabla ya kuinuka kitandani: 52. Nywele kwenye kitana: nyingi kuliko jana. Ngozi ya viwiko inabanduka kama ya mjusi. Nachukia kuigusa.

Nimelala darasani tena, katikati ya imla. Nilisoma sentensi, nikangoja waandike, nikapotea. Nilipofumbua macho Mamere, mtawa mkuu wa shule yetu, alikuwa mlangoni, na wasichana arobaini walikuwa kimya. Akasema mbele yao wote: "Honorina, kitanda kiko nyumbani."

Baada ya kengele akaniita. Ifikapo likizo ya Noeli, kama sijabadilika, darasa atapewa mwalimu mpya na mimi nitakwenda chumba cha kushonea kukunja vitambaa. Miaka sita ya shule, minne ya kufundisha, kisha kukunja vitambaa. Atangoja tu kama daktari ataandika kwamba ni ugonjwa.

Nimelala saa kumi na mbili na nusu jioni. Giza lilikuwa bado halijakolea.

Alhamisi, 13 Oktoba
Hospitali ya watu weusi. Foleni tangu alfajiri, daktari ameingia saa tatu. Amenishika shingo kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Akagonga kisigino kwa nyundo ndogo, akatazama mguu ukichelewa kurudi. Hakuniuliza neno lolote. Akamwambia mtawa muuguzi kwa Kifaransa: ama tezi ya shingo, ile tiroidi, ama uvivu tu. Alidhani sielewi. Nimeelewa yote.

Vipimo viwili. Damu, kutazama mafuta yaliyomo. Na pumzi: mashine inapima hewa ambayo mwili unaitumia ukiwa umetulia. Tezi ikichoka, mwili hutumia hewa kidogo, kama jiko lenye makaa machache. Kwenye karatasi ameandika nije bila kula.

Nimelala saa moja kasoro robo.

Jumanne, 18 Oktoba
Sikula kitu tangu jana jioni. Kwa kuwa nilikuwa nimefunga, nikaona si vizuri kupoteza mfungo bure. Nikaenda misa ya saa kumi na moja, nikakomunika, kisha nikatoka Katuba kwa miguu, haraka, niwe wa kwanza. Saa moja kamili nilikuwa mlangoni. Mapigo: kitandani 52, mlangoni 86. Nilijiona mwerevu.

Mashine ni silinda ya chuma yenye mpira mrefu. Mwisho wa mpira kuna kitu cha kuuma. Kilikuwa na alama za meno ya watu wengine. Bwana Gaspard, msaidizi wa maabara, mtu wa Kasai mwenye miwani, alikisuuza kwenye beseni la dawa, lakini niliona maji ya beseni. Hayakuwa ya leo. Akanibana pua kwa koleo. Ladha ya mpira na mate ya jirani. Nilitaka kutapika na sikuweza, maana mdomo ulizibwa. Kalamu ikachora mistari kwenye karatasi inayozunguka. Dakika nane. Nimezihesabu.

Jumatano, 19 Oktoba
Jibu la pumzi: chini ya kawaida kwa sita kwa mia. Daktari anasema mpaka kumi ni sawa. Ameniambia kwa Kiswahili chake cha kuamrisha: "Wewe hapana mugonjwa. Wewe kazi hapana penda."

Nilipeleka karatasi kwa Mamere. Akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya faili langu, akasema atatuombea wote wawili, mimi na uvivu wangu.

Mama Mdogo Veronika, mdogo wa marehemu mama, ambaye ninaishi kwake, alicheka mpaka akaweka chini kisu cha kukatia sombe, yale majani ya muhogo. "Mi njo nilikuambia. Mugonjwa gani hii haina homa, haina kuhara, iko na unene tu?" Ameniambia pia uso wangu umevimba kama wa mtu aliyelala juu ya mzinga wa nyuki. Ni kweli. Nimejitazama kwenye kioo. Sikupenda nilichoona.

Nimelala saa kumi na mbili kamili.

Jumatano, 26 Oktoba
Jibu la damu limekuja, wiki nzima baadaye. Mafuta ya damu: gramu tatu na nusu kwa lita. Kawaida, kwa maandishi ya pembeni, ni kama mbili. Hakuna aliyelisoma. Lilikuwa limebanwa nyuma ya jibu la mgonjwa mwingine.

Karatasi mbili, mtu mmoja, na hazisemi kitu kimoja. Nimerudi kwa Bwana Gaspard. Mafuta huzidi hivyo tezi ikiwa imelala, anasema, ingawa yanaweza kuzidi kwa sababu nyingine pia. Akaniuliza nilifikaje siku ile. Nikamwambia: misa, kisha miguu.

Akavua miwani. "Toka Katuba? Na miguu? Dada, mashine inapima muntu mwenye kulala. Weye ulileta muntu mwenye kukimbia."

Ukutani, nyuma ya mlango, kuna maelekezo kwa Kifaransa. Mgonjwa alale chali, apumzike nusu saa au zaidi, asitembee asubuhi hiyo. Mlango ukifunguliwa, yanafichwa. Upande wa Wazungu mgonjwa hulala hospitali na hupimwa kabla hajaweka mguu chini. Upande wetu tunatoka kwenye foleni, tunapanda kiti. Nikamwuliza Bwana Gaspard ni siku ngapi amewapima watu hivi. Alisema ana kazi ya watu watatu. Hakunitazama.

Lakini na mimi. Nimesoma, ninafundisha somo la afya, na nilitembea saa nzima kwenda kupimwa utulivu. Hasira yangu haijui imwendee nani kwanza.

Nimeangalia daftari hili. Tarehe 18: mapigo kitandani 52, mlangoni kwa hospitali 86. Niliandika mwenyewe na sikuona.

Ijumaa, 28 Oktoba
Daktari tena. Nimenakili mapigo ya siku kumi na tisa kwa Kifaransa, nikaweka na karatasi zote mbili. Alisoma kwa muda. Akauliza nani aliniandikia. Nikasema mimi. Akauliza tena. Nikasema tena. Ametia saini kipimo kirudiwe. Hakuomba radhi. Alisaini kama mtu anayefukuza inzi.

Alhamisi, 3 Novemba
Kitanda cha hospitali ni cha mahututi tu. Kwa hiyo jana jioni tulikwenda kulala kwenye baraza ya jamaa wa wagonjwa, ambako watu hupika, hufua na kulia. Mama Mdogo alikuja kama mlinzi wangu, na mkeka, na sufuria ambayo sikuruhusiwa kuigusa. Amekula bukari, ugali wetu, peke yake, mbele yangu, polepole, akisifu mboga.

Usiku harufu: samaki mkavu, mkojo, dawa ya sakafu. Alfajiri mtoto wa jirani alinitapikia mguuni. Sikuruhusiwa kuinuka kwenda bombani. Nililala chali na matapishi yakinikaukia.

Saa kumi na mbili na nusu Bwana Gaspard akaleta kitoroli cha kubebea wagonjwa. Mama Mdogo akamsukuma pembeni, akakishika mwenyewe. "Leo weye njo Mama Mzungu. Usiinue hata kidole." Akanisukuma ukumbi mzima akiwaambia watu wapishe, mgonjwa mkubwa anapita. Walipisha. Nilifumba macho kwa aibu.

Nusu saa ya kulala. Maji ya beseni yalikuwa mapya. Mpira ulikuwa mbaya vilevile.

Jibu: chini ya kawaida kwa thelathini na moja.

Mama Mdogo hakucheka. Aliuliza thelathini na moja ni ya nini. Nikamwambia, jiko langu linawaka kwa sehemu mbili tu kati ya tatu. Tulipofika Katuba akaniwashia mbaula, jiko la makaa, mwezi wa Novemba, akaiweka karibu na miguu yangu.

Jumatatu, 7 Novemba
Daktari sasa anazungumza nami kwa Kifaransa. Nimeuliza maswali yangu yote, nilikuwa nimeyaandika.

Kungoja? Hapana, haitaamka yenyewe. Uso utazidi kuvimba, sauti itazidi kuwa nzito, na mwisho moyo. Matone ya iodini? Hayo ni ya mtu mwenye rovu, uvimbe wa shingo, aliyekosa iodini kwenye chakula. Mimi sina rovu. Iko dawa mpya iliyotengenezwa kwa mikono ya wanakemia, lakini haipo hapa, na huko Ulaya bado wanaijaribujaribu. Basi imebaki moja: vidonge. Kimoja kila siku, kwa kuanzia nguvu ndogo, nihesabu mapigo, nirudi baada ya majuma mawili. Kwa muda gani? Maisha yote.

Vimetengenezwa na nini? Tezi ya mnyama, iliyokaushwa na kusagwa. Mnyama gani? Akageuza chupa, akasoma. Kondoo.

Katika ukoo wetu mwanamke hali kondoo. Wala mchuzi wake. Mama alikataa hata kukaa mahali kondoo alipopikwa.

Barua ya daktari kwa Mamere nimeipeleka leo hii. Mistari miwili. Mamere ameisoma akasema: vizuri, tutaona Noeli. Inspekta atakuja tarehe 14 Desemba kutazama darasa la nne.

Jumanne, 8 Novemba
Kidonge ni kidogo, kijivujivu. Harufu ya ini lililosahauliwa ndani ya droo. Nimekiweka ulimini, nikafikiria shingo ya mnyama, machinjio, inzi. Nimekitema.

Mama Mdogo aliona. Sikumwambia ni nini, akasoma kondoo kwenye uso wangu, au kwenye chupa, maana amechorwa mnyama pale. "Kwetu banamuke habakulaka kondoo. Utaanza kulia mee mbele ya batoto." Kisha akaongeza kwamba mama yangu alikufa amevimba uso hivihivi, na sauti nzito, na wote walisema ni uvivu. Yeye pia alisema.

Sikujua. Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka tu kwamba alilala sana.

Nimelala saa kumi na mbili. Kidonge kiko sakafuni.

Jumatano, 9 Novemba
Mama Mdogo amefinyanga donge dogo la bukari, amekificha kidonge katikati, akaniletea kwenye sahani. Aligeuka ukutani nisimwone. Nimemeza bila kutafuna. Kilirudi mpaka kooni, nikakimeza mara ya pili.

Jumapili, 20 Novemba
Siku kumi na mbili za kondoo. Mapigo 55. Hakuna kitu. Bado sweta, bado usingizi. Ijumaa Mamere alinikuta nimeegemea ubao. Alitikisa funguo zake tu.

Jana nilimeza vidonge vitatu kwa pamoja ili niwahi. Upumbavu. Jioni moyo ulipiga 112, mikono ikatetemeka, nikadhani nakufa kwa haraka yangu mwenyewe. Leo, baada ya misa, nimemsimulia Bwana Gaspard. Amesema jiko baridi halimwagiwi petroli. Nimeona aibu. Kimoja, siku kwa siku.

Jumanne, 22 Novemba
Daktari amepandisha nguvu kidogo. Yeye, si mimi.

Jumapili, 4 Desemba
Mvua kubwa tangu alfajiri. Barabara ya Katuba ni uji mwekundu. Mapigo 64. Nimevua sweta misani na nimeisahau kwenye benchi. Nimerudi kuichukua nusu ya njia, kisha nikagundua sikuisikia baridi. Nilisimama matopeni kama mpumbavu.

Kidonge bado kinanichukiza. Kila asubuhi donge, kila asubuhi mgongo wa Mama Mdogo ukutani.

Jumatano, 14 Desemba
Inspekta alikaa nyuma ya darasa saa mbili nzima. Imla, hesabu, somo la afya. Sikukaa hata mara moja. Sauti ilifika ukuta wa mwisho. Msichana mmoja alisinzia kwa joto. Nilimgusa bega, nikaendelea kusoma.

Jumamosi, 17 Desemba
Wingu jepesi, mvua hakuna. Mapigo 66. Kitana: nywele tatu.

Mamere amenipa orodha ya wasichana wa Januari. Darasa la nne. Jina langu liko juu, kwa mwandiko wake. Amesema naona sasa sala na bidii zinavyofanya kazi. Jibu la uvivu bado liko ndani ya faili langu. Niliomba aweke na la pili. Akasema hakuna haja. Nikaliweka mezani kwake, nikatoka. Nilichukia tabasamu lake mpaka nilipofika nyumbani.

Mama Mdogo ameuliza kama mama angemeza kondoo. Nimesema sijui. Amesema yeye angemsukuma kitoroli. Kisha ameendelea kuchambua mchele, nami sikumtazama usoni, maana alikuwa analia na hapendi kutazamwa.

Donge la kesho liko tayari chini ya sahani.

Nimesahihisha madaftari yote arobaini, mfululizo. Nimezima taa. Nimelala saa nne kasoro robo usiku.