Monari Obare, Mpiga Kinanda wa Ngurumo za Ruri

Asubuhi ile uliketi mbele ya kinanda chako kama kawaida, hedifoni masikioni. Sisi tuliokuwa jikoni hatukusikia muziki. Tulisikia vidole vyako tu vikigonga vibonye, kama mvua ndogo juu ya mabati. Mama alikuwa akikoroga uji. Vidole vikanyamaza katikati. Mama akaita, "Monari, uji unapoa." Akaita tena. Daktari alisema ni moyo.

Mwaka umezunguka tangu asubuhi hiyo, kaka. Watu wa Oyugis wakituuliza kama tumezoea, tunajibu ndiyo kwa kuwa ni jibu fupi. Hatulii sana. Tunafungua duka la mbegu, tunafunga duka. Mkeo Lynnet anafua, anaanika, anaanua. Siku zinatupita kama ni za watu wengine.

Ulianzia kanisani, kwenye kile kinanda cha kukanyaga kilichokohoa zaidi ya kuimba. Mkono wako wa kushoto, ulikuwa ukisema, ulifundishwa na babu, aliyepiga obokano, kinubi kikubwa cha Kigusii kinachonguruma mpaka kifuani. Mkono wa kulia ulifundishwa na muziki wa benga, magitaa ya sokoni. Halafu ukiwa kidato cha pili ukanunua Migori kanda za roki zilizovuka mpaka kutoka Tanzania, hazina hata majina. Mama husimulia jinsi ulivyomwekea babu moja ukamwambia, "Hawa watu wanapiga obokano, ila hawajui." Babu akasikiliza, akasema, "Basi waambie wakaze nyuzi."

Wewe na rafiki yako Odhiambo, mpiga gitaa, mlianzisha bendi ya roki, Ngurumo za Ruri, mahali ambapo kila mtu aliomba benga. Mlipiga Homa Bay, Mbita, Migori, mkafika Kisumu na Mwanza. Lakini Ijumaa jua likitua ulifunika kinanda kwa shuka kwa ajili ya Sabato, na hakuna mwenye hoteli aliyeweza kukufanya ukifunue kabla jua la Jumamosi halijatua. Bendi ikakubatiza Pasta. Watu wakianza kupiga miluzi, Odhiambo alishika maikrofoni: "Tulieni jamani. Jua la Pasta bado liko juu."

Ulipiga kinanda kwenye mazishi ya watu usiowajua, ukakataa hata soda. Ulitengeneza redio za majirani. Ulipanda chinsaga nyuma ya nyumba ukawazoesha wanabendi wote kula mboga hiyo chungu. Na ulipenda kuvua, ingawa samaki hawakukupenda. Siku moja ulirudi kutoka Mbita na ufito wa ndoana begani na mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwani, ukasema umewavua mwenyewe. Lynnet alikuangalia tu. "Monari, omena wanavuliwa kwa ndoana?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Kuna jambo moja ambalo hatukuwa tumelielewa, nalo tunataka ulijue.

Baba yetu ni mzee wa kanisa. Hakuwahi kuja mlikopiga, na wewe hukuwahi kumwalika mara ya pili. Siku ya mazishi yako Odhiambo alimwomba ruhusa bendi ikupigie wimbo mmoja kaburini. Baba akauliza, "Kinanda atapiga nani?" Odhiambo akasema, "Tumepata kijana mzuri kutoka Rongo, Mzee." Baba akasema, "Hapana." Sote tukaamini ni kwa sababu ya kanisa, na hakuna aliyeuliza. Bendi ikakunja nyaya zake ikaondoka, nawe ukazikwa bila muziki wako.

Jumapili ijayo, baada ya chakula cha mchana, tutakusanyika nyumbani kukukumbuka. Tutakuwapo baba yako Mzee Obare, mama yako Mokeira, mkeo Lynnet, ami Omosa, shangazi Susana, mimi dada yako Nyamusi, pamoja na majirani na waumini wa kanisa letu. Kama bendi nayo ingekuwapo, hatukujua hadi juzi.

Juzi Odhiambo alikuja. Aliketi barazani, kofia juu ya goti, Lynnet akamletea uji.

"Mzee," akasema, "mwaka jana ulitukataza tukaenda. Nimerudi na ombi lile lile. Wimbo mmoja tu."

Baba akatazama upande wa kaburi. Kisha akauliza tena, "Kinanda atapiga nani?"

Odhiambo alikuwa amejiandaa. "Safari hii tumechagua vizuri, Mzee. Anaitwa Cliff. Ni Msabato kabisa, kama nyinyi. Ijumaa jua likitua hashiki hata simu. Hanywi chai ya majani, soda nyeusi ndiyo usimwambie."

Baba hakucheka. Mama, ambaye mwaka mzima hakuwa amelitaja jambo hili, akaweka ungo chini.

"Mjibu mtoto wa watu, Baba Monari. Kama ni kanisa, sema ni kanisa."

"Si kanisa."

"Ni nini basi?"

Sauti ya Baba ilikuwa ya kawaida, kama anayemweleza mteja bei ya mbegu.

"Siku ile nilikuwa sijamfukia, nanyi mlikuwa mmeshapata wa kukaa mahali pake. Nilishindwa. Hata leo siwezi. Njooni mpige, lakini kinanda kisipigwe na mtu."

Odhiambo akashika kofia yake. "Mzee, nyimbo zetu zote zinasimama juu ya mkono wake. Wimbo utakuwa na pengo."

"Najua. Liacheni lisikike."

Baba akainuka, akatembea hadi kaburini kwako. Hakupunguza sauti, wote tulisikia.

"Monari, mimi sikuukataa muziki wako hata siku moja. Niliona haya kusema ninaupenda. Uliupiga vizuri, mwanangu. Nitakukumbuka mpaka nije."