Nilisema Fortunat Amebadilika

Jumanne, 8 oktobre 2024

Leo gerezani wanaume wote ninaowafundisha walikuja kwenye kikao. Wote wamefungwa juu ya kupiga wake zao. Niliwapa kazi: kila mumoja akae kwenye kiti kifupi, aongee kama yeye ni muke wake, siku ile ya mapigo. Wakacheka. Kujifanya mwanamuke — haya gani!

Fortunat ndiye alikaa wa kwanza. Mimi ni Bibiche, akasema, bwana yangu ananivunja mukono na mutoto anaangalia. Akalia. Kicheko kikakatika. Na mimi nikalia, mujinga mie! Nimefundisha miezi na miezi bila kuona kitu. Leo nikasema, Mungu amenijibu.

Jumapili, 13 oktobre

Kutoka misa, papa Mulumeoderhwa akanishika mukono mbele ya kanisa. Ni kaka mukubwa wa Fortunat, muzee wa heshima. Mama Eugénie, mudogo wangu anaendelea namna gani? Nikasema: Papa, Fortunat amebadilika. Hivi hivi! Akanishukuru mpaka nikasikia haya. Nimerudi nyumbani Ndosho na roho nyepesi.

Jumanne, 15 oktobre

Nimefika mapema, saa ya chakula. Huku mufungwa anakula kile familia inamuletea. Na nani anamuletea Fortunat? Bibiche! Yeye mwenyewe, kila siku. Sufuria ya bugali na samaki wadogo wa sambaza anaibeba na mukono wa kushoto, kwa sababu ule wa kuume haukuunga vizuri. Sikujua. Namusikiliza Fortunat kila juma, na sijamuuliza hata siku moja anakula jasho la nani.

Hawakuniona. Fortunat akafunua sufuria, akatabasamu, akasema polepole: Umechelewa.

Basi. Hakuna tusi, hakuna kofi. Lakini Bibiche akaruka nyuma, mukono ukafunika uso — mbele ya askari, mbele ya watu! Kisha akajifanya anapangusa jasho. Fortunat aliona. Hakusema pole. Akaanza kula.

Kwenye kikao akaongea vizuri kuliko wote, juu ya uvumilivu. Nilishindwa kumuangalia. Labda ni woga wa zamani tu uko ndani ya mwili wa muke. Labda. Ee Mungu, ulimi wangu huu!

Alhamisi, 17 oktobre

Balaa! Papa Mulumeoderhwa amekwenda kwa baba ya Bibiche. Amemuambia: hata mama anayemufundisha gerezani amehakikisha. Jumamosi wanapeleka mbuzi na kasiksi, pombe ya ndizi, waombe musamaha. Baba akipokea, Bibiche ataondoa mashitaka, Fortunat atatoka, na muke atarudishwa kwake. Kwetu, mbuzi ikishapokelewa, maneno yamekwisha. Mwanamuke akinung'unika nyuma ya hapo, yeye ndiye anavunja amani.

Na shahidi ni mimi.

Nikamupigia muzee simu. Papa, niliharakisha, tungoje kwanza. Akacheka. Mama, acha unyenyekevu, kazi yako imezaa matunda! Maji yakimwagika hayazoleki. Ningemuuliza Bibiche kwanza. Yeye tu. Ilikuwa vigumu gani?

Jumamosi, 19 oktobre

Asubuhi. Bibiche amekuja kwangu peke yake, hataki kukaa. Nimemuuliza mwishowe: wewe unaona namna gani?

Mama, anasema, sasa ndiyo unaniuliza? Baba anasema mama Eugénie anawajua wanaume hawa. Ukisema amebadilika, nitarudi.

Sijui, Bibiche. Kweli, sijui.

Akaniangalia, akasema: Kwa papa Mulumeoderhwa ulijua.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamuambia: basi nitasema mbele ya wazee wote, nilikosea, musipokee hiyo mbuzi. Nilifikiri atafurahi. Hakufurahi. Ameuliza polepole: Nikimukatalia baba mbele ya watu, hatanifungulia tena. Leo mimi na mutoto tutalala wapi?

Chumba cha nyuma kiko wazi tangu binti yangu Christa aolewe. Neno moja tu lingetosha. Lakini nikafikiria kaka zake watakavyokuja kupiga kelele hapa, na parokia itasema nini, na Fortunat siku akitoka... Nikamuambia: ngoja kidogo, ninatafuta kitambaa changu cha kichwa.

Papa Mulumeoderhwa amefika na gari kunipeleka kwa baba ya Bibiche, iko inapiga honi barabarani. Bibiche angali amesimama sebuleni, anangoja jibu. Kitambaa kiko hapa chumbani, juu ya magoti yangu. Na mimi niko naandika.