Kipande Changu Katika Wimbi la Mama Moraa

Ijumaa, Aprili 1967. Nyamache.

Vidole vinaniuma, hata kalamu haishikiki vizuri.

Mama Moraa amevunjika mguu, na magugu yalikuwa yameshaanza kulimeza shamba lake la wimbi. Basi mimi, bwana shamba, nimefika asubuhi na karatasi yangu, niwafundishe majirani kuunda kikundi cha kumsaidia. Kumbe shamba limejaa wanawake, wanapalilia huku wakiimba. Kazi ya wiki nzima, na kufikia saa nne ilikuwa karibu kwisha!

"Hii ni risaga," Mama Moraa akaniambia kutoka mlangoni. "Leo kwangu, kesho kwa mwingine. Nyanya zetu walifanya hivi hivi."

Nikaikunja karatasi. Katikati ya shamba kulikuwa na kipande hakijaguswa. Nikamuuliza ni cha nani.

"Ni chako. Tuliambiwa unakuja kusaidia."