Nahodha wa Nyumba Yenye Magurudumu

Adelphi, Jumamosi, Juni 2006

Itangazwe rasmi: leo, kwenye maegesho ya kanisa, nimekuwa nahodha wa nyumba yenye magurudumu, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani. Mwezi wa nane tunaikodi Ureno, tufuate pwani, familia nzima.

Ila ina klachi, na mimi udereva nimejifunzia hapa Maryland, kwenye otomatiki. Shemeji kaniazima pikapu yake nifanyie mazoezi. Ikaruka, ikazima.

"Iachie taratibu, shemeji! Unakanyaga nyoka?"

Binti yangu Neema akauliza kutoka nyuma, "Daddy, hapa ndiyo Ureno?"

Mama yake hakucheka. Miaka yote hii anatunza wazee wa watu, zamu za usiku, hajaonja likizo. "Baba Neema, tuiache tu safari."

Hatuiachi. Nitarudi kila jioni mpaka hiyo klachi initii.

Kwa leo tumeishia kwenye mapipa ya taka ya kanisa.