San José Kichwa Chini

Santa Fe, 11 Mei 1998

Mwanangu Leandro,

Hujambo huko Denver? Yvette na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua mvua ikikaribia. Nina maharage jikoni, kwa hiyo naandika upesi. Na naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe unajua kukwepa.

Jana nilikuwa nachimba udongo kando ya geti, pale karibu na mfereji, wa kukandikia kuta mwezi ujao. Koleo likagonga kitu. Nikainama, nikamtoa San José wa bibi yako! Yule Mtakatifu Yosefu wa mti, ambaye wiki ya mazishi ya baba yako tulikuta kishubaka chake kitupu, tukasema kaibwa na waombolezaji. Nilimshuku binamu yako Tranquilino, na hadi leo hatusalimiani. Kumbe alikuwa humu humu uani, amefukiwa kichwa chini, miguu juu.

Maana yake unaijua kama ninavyoijua. Anayetaka kuuza nyumba humfukia mtakatifu hivyo, ili achoke kusimama kwa kichwa, amlete mnunuzi haraka. Odilia hapo jirani alimfukia wake, wiki tatu hazikuisha akaja tajiri wa Texas. Sasa kuta za marehemu mama yake zimepigwa saruji na rangi ya pichi.

Halafu sikia. Jumanne alikuja dalali, mwanamke mwenye bangili za feruzi mpaka kwenye viwiko, anaitwa Bi Pruitt. "Bi Eulogia, habari za siku nyingi?" Siku nyingi gani, na sijapata kumwona! Nikamuuliza shida yake. "Nimepita tu kukujulia hali. Lile dirisha la nyuma, bado halifunguki?"

Leandro, dirisha la nyuma halionekani kutoka barabarani. Nilimwambia mbwa wangu anauma, akaondoka. Mbwa sina.

Nilikuja nyumba hii nikiwa bibi harusi, na baba yako nilimwambia mbele ya watu kwamba nitatoka humu nikiwa nimebebwa. Mtoto ni wewe peke yako. Pasaka ulishinda pale getini, eti unarekebisha bawaba. Nani kamfukia?

Mama yako


Denver, 19 Mei 1998

Mama mpendwa,

Naomba baraka yako. Sisi wazima, mdogo ana kikohozi lakini anakula. Goti lipake yale mafuta niliyokuletea, usiyaweke kabatini kama mapambo.

Mama, sikumfukia mimi. Nakuapia kwa kaburi la baba. Bawaba ilikuwa bawaba. Madalali wa huko siku hizi wanajua hata sufuria za watu zina vifuniko vingapi, usimjali huyo mama. Sitaki kuuza nyumba, sijawahi kutaka.

Mrudishe San José kishubakani, na hicho kitambaa alichofungiwa kitupe, yaishe. Siku ya kukandika nitakuja kama kila mwaka nikubebee udongo. Nawe acha kumwonea Tranquilino.

Mwanao


Santa Fe, 24 Mei 1998

Leandro,

Salamu. Hapa tu wazima, mimi na San José.

Kitambaa gani?

Barua yangu isome tena. Sikuandika popote kwamba alifungwa kitambaa. Ni kweli alifungwa, kitambaa cha buluu kilichokazwa kwa uzi, lakini hilo nililiacha makusudi. Hakuna polisi aliyenifundisha. Nimelea mvulana.

Kwa hiyo unajua. Mtu aliyekuwa Denver anajuaje kilichokuwa chini ya udongo wangu? Na huyo dalali aliambiwa na nani habari za dirisha? Naumia, mwanangu. Nalala nikisikia magari yakipunguza mwendo mbele ya geti, nadhani kila moja linaipimia nyumba yangu bei.

San José nimemgeuza uso ukutani, kama mama yangu alivyowaadhibu watakatifu wakaidi. Siku ya kukandika usije. Kufuli la geti nimebadilisha.

Mama yako


Denver, 1 Juni 1998

Mama,

Naomba baraka yako hata kama umenikasirikia.

Kitambaa siwezi kukikana. Nilikiona kikifungwa. Lakini mikono haikuwa yangu, na nilimwahidi mtu kwamba sitasema. Ukitaka kuniita mwizi, niite. Ila ule udongo usiubebe peke yako, nakusihi. Mlipe mtu.

Mwanao


Santa Fe, 12 Julai 1998

Mwanangu Leandro,

Hujambo? Kikohozi cha mtoto kimepona? Mimi mgongo umenikatika, lakini naandika nimekaa sawa.

Sikumlipa mtu. Miaka arobaini na sita kazi yangu ilikuwa kulainisha ukuta kwa kiganja, na watu wanapita wanasifu mkono wangu. Kuchimba, kukanyaga udongo na majani ya ngano, kupandisha ndoo kwenye ngazi, hayo alifanya baba yako Celedonio, na baadaye wewe pamoja naye. Safari hii nilifanya mimi. Ndoo ya tisa nilikaa chini kwenye tope nikalia kwa hasira. Ukuta wa kaskazini bado uko uchi.

Nikiwa pale chini nilimkumbuka, vuli ile ya mwisho tulipokuwa tukiziba nyufa kabla ya baridi, amekaa mahali pale pale, amekamata ngazi. Nilimuuliza, "Mzee, umechoka?" Akasema anafunga kamba ya kiatu. Nikamwambia akazane, jua linazama. Alikuwa amevaa buti zisizo na kamba, Leandro. Niliziona, nikaendelea kulainisha.

Niliingia jikoni kunywa maji. Lile shada la pilipili alilofunga vuli hiyo bado linaning'inia, sikuthubutu kulila. Nikalitazama fundo lake. Tangu msumeno umkate kidole, baba yako alifunga kinyumenyume, hakuna mwingine anayefunga vile. Nikauchukua uzi wa kitambaa, nikashika fundo lake karibu na lile la shada.

Sikuhitaji miwani.

Ile siku wewe na baba yako mliposema mnaenda kwa daktari wa meno, mlienda kwa Bi Pruitt, sivyo? Usijibu, uliahidi. Aliogopa kuniambia mimi kwamba amechoka, tuuze, akaenda kumlilia mtakatifu wa mti. Kwa mdomo wangu huu niliokuwa nikijisifu nao, nitabebwa, nitabebwa. Mbebaji alikuwa yeye. Na wewe nimekufungia geti kwa siri ambayo hukuitunga. Nisamehe, mwanangu. Tranquilino nilimpelekea mkate jana, akaula mbele yangu bila kunikaribisha kiti, na nilistahili.

San José nimemgeuza, sasa anatazama mlango. Njoo Jumamosi, ufunguo uko chini ya ile ndoo ya tisa, nimeiacha nje ya geti. Ukuta wa kaskazini tutamalizia wote wawili, na ukichoka, sema umechoka.

Na umlete Bi Pruitt. Siuzi. Nitamwekea kahawa, nimkalishe kwenye kiti cha baba yako, anieleze neno kwa neno mume wangu alimwambia nini.

Mama yako