Begi la Kilo Kumi na Tano

Morogoro, 14 Juni

Mjomba Abdulswamad,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mvua zimeisha, na maharage ya mama yameanza kukauka shambani.

Nimesikia umekataza safari yangu ya kutembea ufukweni kutoka Kilwa hadi Lindi, begi mgongoni. Eti mjane aliyetoka eda juzi hapaswi kuzurura, na begi la kilo kumi na tano litamshinda. Mjomba, miaka ishirini nimeshuka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani hadi gulioni Mkuyuni, na hakuna aliyeniuliza kama ni mzito. Eda nimekaa miezi minne na siku kumi, sikupunguza hata moja. Sasa kila alfajiri napanda mlima na begi nililojaza mchanga. Ramani ninayo, na saa za maji kupwa nimeziandika.

Tena mama ameniambia umeshapokea posa ya shemeji Hafidhi bila kuniuliza. Najua kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye sauti. Kwa hili, hapana. Irudishe, na umwambie asihangaike kunifuata. Hema nililonunua ni la mtu mmoja.

Mpwa wako, anayekuheshimu bado,
Shamsia