Vitabu Nilivyovisajili Bila Kuviona

Mshauri, nakuandikia nikiwa kazini, nyuma ya kaunta ya maktaba, na mlango ukilia naficha karatasi, kwa hivyo nisamehe nikirukaruka. Majina nimeyabadilisha.

Mwaka huu tuliletewa katalogi ya mtandaoni ili msomaji aangalie kwa simu akiwa nyumbani kama kitabu kipo, na sisi wahudumu wawili tukafundishwa siku tatu tu kisha tukagawana rafu nusu kwa nusu, mimi na Mzee Mukiri, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii miaka tisa iliyopita. Kompyuta ilinitia hofu lakini nikajikaza mpaka nikaizoea, na nilipoona kusajili kitabu kimoja kimoja kutanimaliza, nikachukua rejista ya zamani nikanakili orodha yote ya rafu zangu jinsi ilivyo, sikugusa hata rafu moja, na kila kitabu nikakiwekea alama kwamba kipo. Wiki mbili nikawa nimemaliza, bosi wetu Bi. Lydiah akanisifu mbele ya watu, nami nikacheka nikashukuru.

Sasa watu wanakuja. Juzi msichana anayeitwa Gatakaa alitoka Ishiara kutafuta kitabu cha uuguzi, mara ya pili hiyo, akanionyesha simu. "Madam, si hapa inasema iko? Na nimeacha kibarua nikakuja!" Nikamdanganya kwamba kimeazimwa. Mzee Mukiri alikuwa amesimama hapo, na msichana alipoondoka akaniambia polepole, "Mama Bundi, hicho kitabu kililoa ile mvua kubwa, tukakichoma," kisha akarudi kwa rafu zake. Yeye bado hajafika hata robo, maana anatoa kitabu, anakipangusa, anakifungua, ndipo anaandika kwa kidole kimoja.

Kinachoninyima amani ni kwamba Bi. Lydiah amechoka naye, anasema ni mzembe, anataka kumtoa maktaba ampeleke stoo, na ameniambia kufikia mwisho wa mwezi niandike ripoti nieleze vile nilimaliza haraka, ndipo aiambatanishe na barua ya kumhamisha. Nikisema ukweli pengine nitafutwa kazi, na nina watoto wawili shuleni, Bundi na mdogo wake. Nikiiandika, namponza mzee aliyenishika mkono. Nifanyeje?

Niliyebanwa, Embu

*

Dada yangu,

Pole. Kujifunza chombo kigeni kwa siku tatu huku watu wamepanga foleni kwenye kaunta si mchezo, na mtu akichoka hutafuta njia ya mkato. Hapo nakuelewa. Lakini usijiite uliyebanwa. Anayebanwa ni Mukiri, na kinachombana ni kazi yako.

Hebu soma tena barua yako. Mzee huyo anajua! Mtu anayekumbuka kitabu kilichochomwa anajua vizuri kwamba hukuangalia rafu, na angeweza kwenda kwa bosi siku hiyo hiyo akajiokoa. Badala yake alikuja kwako, mkiwa wawili, akakupa nafasi ya kusema. Wewe ukayachukua kama mazungumzo ya mvua. Ona aibu kidogo, itakusaidia.

Kuhusu kufutwa, siwezi kukuahidi chochote. Huenda ukapata barua ya onyo. Lakini kosa ulilokiri mwenyewe, ukaeleza utakavyolirekebisha, ni afadhali kuliko uongo wenye sahihi yako, na ripoti hiyo ukiiandika alivyotaka Bi. Lydiah itakuwa ndio huo. Tena bosi atajua tu, kwa sababu wasomaji hawataacha kuja.

Usingoje mwisho wa mwezi. Kesho asubuhi, kabla hamjafungua, mwambie Mukiri kwa mdomo wako, bila kuzungukazunguka. Kisha badilisha alama za vitabu vyako vyote visomeke kwamba havijahakikiwa, ili mtu wa Ishiara apige simu kabla ya kutumia nauli. Gatakaa mpigie wewe, mwombe radhi, na umtafutie hicho kitabu kwingine. Halafu nenda kwa Bi. Lydiah na ripoti ya ukurasa mmoja: ulinakili rejista, hukuhakiki, unaomba miezi miwili upitie rafu zako kitabu kwa kitabu.

Na kuna sentensi ambayo sijaiona popote katika barua yako ndefu. Iandike juu kabisa ya ripoti, kabla hujaanza kujitetea: kazi ya Mukiri ni sahihi.